Lenzi Moja, Watu Watano

Lenzi yetu ina kilo 5.37. Bega langu liliujua uzito huo kabla sijausoma popote. Ni Canon ya milimita 400, f/2.8, toleo lililotoka mwaka 1999. Rangi yake nyeupe imebanduka upande wa chini, pale inapokaa kwenye monopodi, ule mguu mmoja wa kuegemezea, na kofia yake ya mbele inashikiliwa na utepe mweusi wa mafundi umeme. Ukizungusha polepole pete ya fokasi, ile ya kunolea picha, vidole vinasikia chembe za mchanga zikisagika. Ni mchanga wa viwanja vingi, na siwezi kusema ni wa kipi.

Tuliinunua mwaka 2014 tukiwa wapigapicha watano wa michezo hapa Dar es Salaam. Tulicheza mchezo, kama ule wanaocheza akina mama mtaani: kila mwezi kila mtu anatoa, kijumbe anatunza. Tofauti ni kwamba hakuna aliyepokea. Fedha zote zilikwenda Dubai na mtu tuliyemwamini, zikarudi zimo ndani ya sanduku gumu jeusi. Tulitoa bei ya bodaboda nne, na lenzi yenyewe ilikuwa imeshatumika miaka mingi.

Asiyeijua kazi hii atauliza kwa nini watu watano wajinyime hivyo kwa kitu kimoja. Jibu ni mechi za usiku. Mchezaji akipiga kichwa, unahitaji shata, lile pazia la kamera, ifunguke kwa 1/1000 ya sekunde tu ili mpira usimame na jasho lionekane. Kwa kasi hiyo mwanga unaoingia ni kidogo mno. Lenzi ya f/2.8, yenye tundu pana zaidi, inapitisha mwanga mara nne ya ile ya f/5.6 ambayo wengi wetu tulikuwa nayo. Mwanga mara nne ndiyo tofauti ya picha inayokwenda ukurasa wa mbele na picha yenye chengachenga inayobaki kwenye kadi. Tena milimita 400 inakufikisha goli la pili. Ukikaa nyuma ya goli moja, nusu ya mechi inachezwa mbali na wewe.

Basi tukapanga zamu. Kwenye mechi ya watani, Simba na Yanga, mtu mmoja ana kipindi cha kwanza, mwingine cha pili, na watatu waliobaki wanapiga kwa lenzi zao ndogo wakijua mechi ijayo ni yao. Mapumziko yakifika unamwona mtu anatembea nyuma ya mabango amekumbatia mzinga mweupe kama mtoto aliyelala. Ilikwenda hivyo miaka saba, na hatukuwahi kugombana.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuingia kwenye mchezo wetu. Yeye alikuwa mtu wa Nikon FM2, kamera ya mwaka 1982 ambayo shata yake inafanya kazi bila betri. Betri ni ya kupimia mwanga tu, ikifa unakadiria kwa macho na unaendelea. Nilipompelekea lenzi aione, aliipakata, akaipima uzito, akacheka kwa furaha.

"Shikamoo mzee, ndiyo hii."

"Marahaba. Mzinga wa kweli huu. Sasa mwanangu, hawa wakibadilisha mdomo tena mtafanyaje?"

Mdomo alimaanisha ile pete ya mbele ya kamera ambapo lenzi hufungwa. Sikumwelewa siku ile, akanieleza. Mwaka 1987 Canon walileta kamera za EOS zenye mdomo mpya kabisa. Lenzi za zamani, zile za FD, hazikuweza kufungwa juu yake na kufanya kazi kama kawaida. Mtu aliyejikusanyia lenzi za Canon kwa miaka kumi aliamka na kuona kabati lake limekuwa la kale. Nikon walikataa kufanya hivyo. Mdomo wao wa mwaka 1959, wa kamera ya Nikon F, waliulinda, na wapigapicha wa magazeti duniani kote walikuwa wateja wao.

Lakini mzee alikuwa mtu wa haki, akanipa na upande wa pili. Canon walibadilisha kwa sababu. Mdomo mpya ulikuwa mpana, milimita 54 dhidi ya 44 za Nikon, na hakuna kijiti wala wenzo wa kuunganisha bodi, yaani kamera yenyewe, na lenzi. Mawasiliano yote ni ya umeme. Mota ya fokasi ikawekwa ndani ya lenzi yenyewe. Kwa lenzi kubwa kama yetu hilo ni jambo kubwa, maana vioo vya ndani ni vizito na mota iko hapohapo penye kazi. Nikon wao waliweka mota ndani ya bodi, ikazungusha lenzi kwa kijiti mfano wa bisibisi. Walipokuja kuleta lenzi zao ndefu zenye mota ndani, mwaka 1992, wenzao walikuwa wametangulia miaka mitano. Ndiyo maana picha za viwanja vya miaka ya tisini zinaonyesha mstari wa lenzi nyeupe nyuma ya goli. Na weupe ule si urembo. Ni wa kurudisha joto la jua, kwa sababu vioo vikipata joto vinatanuka na fokasi inahama. Anayekaa juani saa nane mchana Temeke hahitaji maelezo zaidi.

Nimeikumbuka sana hadithi ile ya mzee, kwa sababu ilitufikia sisi wenyewe.

Kwanza ilikuwa Nikon kujibu. Mwaka 2007 walitoa D3, sensa yake, inayopokea picha badala ya filamu, ina ukubwa wa fremu kamili ya filamu, na ISO ya kawaida, kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga, ilifika 6400 wakati kamera za michezo za Canon bado zilikuwa na sensa ndogo zaidi. Kwa mtu wa mechi za usiku, hiyo ilikuwa taa mpya imewashwa uwanjani. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, lenzi nyeusi zilirudi kwa wingi kwenye mistari iliyokuwa imejaa nyeupe. Canon walijibu na 1D X mwaka 2012, picha 12 kwa sekunde. Waliendelea hivyo, mmoja anatoa na mwingine anajibu, kila baada ya miaka minne, Olimpiki kwa Olimpiki. Sisi huku tulikuwa watazamaji. Tulisoma habari zake kama watu wanaosoma ligi ya nchi nyingine.

Halafu akaja wa tatu. Sony walikuwa wamenunua biashara ya kamera ya Konica Minolta mwaka 2006, na kwa miaka mingi hakuna aliyewahesabu nyuma ya goli. Mwaka 2017 wakatoa a9: haina kioo cha kupandisha na kushusha, inapiga picha 20 kwa sekunde bila sauti, na ndani ya kitafutio, pale unapochungulia, picha haikatiki hata chembe. Kamera ya kioo, kila unapopiga, kioo kinapanda na macho yako yanafungwa. Unapiga kipofu kwa sehemu ya sekunde, mara 12 kila sekunde. Mwaka 2018 wakaleta 400mm f/2.8 yenye kilo 2.9 hivi. Nililinganisha na yetu nikanyamaza. Na Julai 2020 shirika la habari la Associated Press likatangaza kwamba wapigapicha wake wote duniani watahamia Sony.

Tangazo lile ndilo lililotugusa. Tunasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali walikuwa watatu, na nyasi, kwa muda, zilineemeka. Wakubwa walipohama, mizigo yao ya zamani ikaanza kuonekana kwenye maduka ya Dubai: bodi na lenzi zilizotunzwa vizuri na watu waliokuwa na mafundi. Mapema mwaka 2021 nilinunua 1D X kwa bei ya bodaboda moja mpya. Kamera ambayo miaka tisa nyuma ilikuwa ya kuangaliwa tu kwenye picha ilikuja mkononi kwangu, ikiwa na alama ya gundi pale palipobandikwa jina la mwenyewe wa kwanza.

Nikaenda nayo Nairobi mwezi Septemba mwaka huohuo, kwenye mashindano ya Kip Keino Classic pale Kasarani. Zamu ya lenzi ilikuwa yangu, nikasafiri nayo kwa basi nimeipakata. Tarehe 18, fainali ya mita 100 kwa wanaume, Trayvon Bromell wa Marekani na Ferdinand Omanyala wa Kenya. Bromell alikimbia 9.76, Omanyala 9.77, rekodi ya Afrika, nyumbani kwake. Kelele ile ya Kasarani siwezi kuiandika.

Naomba nikae kidogo kwenye ile mita ya mwisho, maana hapo ndipo nilipoelewa hizi kampuni zinagombea nini. Mkimbiaji wa kiwango hicho anapita mstarini kwa zaidi ya mita 11 kwa sekunde. Kamera yangu ya picha 12 kwa sekunde inampiga kila baada ya karibu mita moja. Tofauti ya Omanyala na Bromell, sehemu moja ya mia ya sekunde, ni kama sentimita 11, urefu wa kiganja. Nilipofungua picha zangu nilikuwa na moja ambayo vifua vyao havijafika mstarini na nyingine ambayo wameshapita, mikono imeanza kushuka. Kile kitendo chenyewe, kifua kikisukumwa mbele na shingo ikikakamaa, kilitokea katikati ya picha zangu mbili. Jirani yangu, mgeni mwenye kamera isiyo na kioo, alikuwa na picha 20 kwa sekunde, yaani moja kila nusu mita, na alikipata. Hakuwa ameniwahi kwa ustadi, tulibonyeza pamoja. Mwishoni mwa mwaka 2023 Sony walitangaza a9 III ya picha 120 kwa sekunde. Kwa hesabu ileile ni picha moja kila sentimita 10, pungufu ya pengo lililowatenganisha wale wawili.

Picha niliyoiuza siku ile haikuwa ya mstarini hata hivyo. Ilikuwa ya Omanyala baada ya mbio, na ile mita 400 ilinifikisha usoni kwake wakati wengine walikuwa wanakimbilia upande wa pili. Naisema milimita 400 kuwa mita kwa mazoea ya kijiweni kwetu, wenzangu watanielewa.

Kurudi Dar, mambo yakaanza kuharibika. Bodi ya mwenzetu mmoja, na kampuni yake sitaitaja, shata iligoma dakika ya 30 ya mechi ya watani. Akabaki na simu. Hapa nchini hakupata fundi mwenye vipuri. Aliituma nje na msafiri, ikakaa miezi miwili na nusu, na kwa miezi hiyo mtu mwenye watoto watatu alipiga harusi kwa kamera ya kuazima. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema anahama. Ninajua kwamba kwenye Olimpiki kampuni hizi zinafungua vituo ndani ya jengo la waandishi: unaleta bodi iliyogoma, unaondoka na ya kuazima, jioni unafuata yako imesafishwa. Canon wanacho, Nikon wanacho, Sony nao wanacho. Ushindani wa kweli kati yao uko kwenye kaunta ile kuliko kwenye idadi ya picha kwa sekunde. Shirika kubwa likichagua kampuni, linachagua kaunta. Sisi kaunta ile haijatufikia, na nasema hili kwa uchungu, kwa sababu mpira unaopigwa Mkapa hausubiri vipuri vifike.

Mwenzetu akanunua Sony iliyotumika. Mwezi uliofuata mwenzetu mwingine akahamia Nikon Z9, ile ya mwaka 2021 ambayo haina shata ya chuma kabisa, kwa hiyo hakuna cha kugoma. Tukakaa kwenye mgahawa wetu karibu na uwanja, chai na chapati mezani, sanduku la lenzi chini ya miguu.

"Kaka, mimi naomba hisa yangu," akasema wa Sony. "Lenzi haiingii kwenye kamera yangu."

"Inaingia kwa adapta," kijumbe akamjibu.

"Inaingia, lakini fokasi inasitasita na kasi inashuka. Nitakuwa nashika zamu ya jina tu."

Hapo ndipo maneno ya mzee yalinirudia. Mdomo ulibadilika, na meza yetu ikagawanyika. Watu walioazimana lenzi, betri na hata nauli kwa miaka saba walikuwa wanahesabiana hisa. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Kila mmoja alikuwa na sababu ya haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kilichotuokoa ni kitu kidogo sana. Canon walipoleta mdomo wao mpya wa kamera zisizo na kioo mwaka 2018, safari hii waliweka daraja. Ni kipande cha bomba, urefu wa milimita 24, ndani hakina kioo chochote, kina nyaya za mawasiliano tu. Mdomo mpya uko karibu zaidi na sensa, na kile kipande kinajaza pengo. Tuliazima bodi moja ya EOS R tukajaribu pale pale mezani, tukielekeza lenzi upande wa pili wa barabara kwa muuza madafu. Fokasi ilikamata jicho lake mara moja na kubaki nalo akiinama na kuinuka na panga. Lenzi ya mwaka 1999 ilikuwa inafuata jicho la mtu, kitu ambacho waliotengeneza vioo vile hawakukiweka ndani yake. Kijumbe alishika kichwa kwa mikono miwili. Nikon pia walitengeneza daraja lao, ila halina mota ya kuzungusha kile kijiti, hivyo zile lenzi za enzi za bisibisi zinafungwa lakini fokasi unazungusha kwa mkono. Mzee wangu nilipomweleza alisema yeye amezungusha kwa mkono maisha yake yote.

Tukakubaliana hivi. Waliohama tutawalipa hisa zao kidogokidogo, lakini haki yao ya zamu haifutiki. Kama atataka kuifunga kwa adapta, aifunge. Na nafasi moja ya mchango tukampa dada mdogo aliyekuwa ameanza kazi, mwenye bidii kuliko sisi wote, kwa masharti ya kulipa akipata.

Vijana wengi wananiuliza wanunue kampuni gani, na wanakuja wameshika hesabu za picha kwa sekunde. Nawauliza: nani anakaa kulia kwako nyuma ya goli, na kamera yake ina mdomo gani? Betri ikikuishia dakika ya 80, atakupa? Lenzi yako ikidondoka, ataweza kukuazima? Kwa mtu wa shirika kubwa swali hilo halina maana, kwake kuna kaunta. Kwetu kaunta ni jirani. Kamera zote tatu za leo ziko mbele ya uwezo wa viwanja vyetu, na hata mabango ya taa yanayoweka mistari ya ajabu kwenye picha yanamsumbua wa Canon na wa Nikon vilevile. Nimeona kijana anauza kila kitu kufuata kamera mpya, anabaki na bodi nzuri na lenzi ya harusi, na msimu mzima anapiga migongo.

Tarehe 2 Agosti 2025, ufunguzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Tanzania na Burkina Faso, Uwanja wa Mkapa umejaa. Wageni walikuja na mizinga mipya, ya kampuni zote tatu, myepesi kiasi kwamba waliishika kwa mkono mmoja. Yetu ilikuwa nzito kuliko zote pale. Kipindi cha kwanza kilikuwa zamu ya dada mdogo, ameifunga kwenye EOS R6 kwa lile bomba. Mwishoni mwa kipindi ikapatikana penalti. Abdul Suleiman, Sopu, akauweka mpira. Niliacha kupiga nikamwangalia dada: kiwiko kimebana ubavu, goti moja chini, pumzi ameizuia. Sopu akafunga, uwanja ukalipuka, na yeye hakuinua uso mpaka Sopu amekimbia mpaka kwenye kona.

"Kaka, ninayo," akaniambia, sauti inatetemeka. "Macho na mdomo, vyote."

Kipindi cha pili kilikuwa changu, na Mohamed Hussein, Tshabalala, akafunga la pili kwa kichwa. Ninayo nami.

Usiku mwingi tulikuwa bado tumekaa chini ya jukwaa tukituma picha, intaneti inakwenda na kurudi. Lenzi ilikuwa katikati yetu juu ya sanduku lake, imefunikwa kanga. Yule wa Sony alikuja akachuchumaa, akafunua kanga, akaanza kufuta vumbi kwenye kioo cha mbele kwa kitambaa chake mwenyewe, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, kama mzee alivyotufundisha.

"Jumatano ni Mauritania," kijumbe akasema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Zamu yako hiyo."

"Najua," akajibu. Akatoa adapta mfukoni, akaifunga kwenye lenzi, ikalia tik, akaifungua, akaifunga tena.